Theluji yetu iko bondeni, na kosa langu la nyuzi 12

Kimya changu kimekuwa kirefu, najua. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja aliuliza kama nimeoa. Sijaacha, na hilo la pili tuliache kwanza. Nimekuwa nikishughulika na kijito kimoja kule nyumbani Nyamira, na shughuli yenyewe imenigharimu pesa, usingizi na kiasi fulani cha heshima mbele ya baba yangu mdogo. Leo nasimulia yote, hata pale ninapoonekana mjinga, maana nadhani pale ndipo penye faida kwa wenzangu wanaoandika programu. Jimiminie chai, habari ni ndefu.

Mambo yalianza mwaka 2021, nilipopata kibarua cha mtandaoni. Mteja alikuwa mzee mmoja wa Colorado, Marekani, mvuvi wa trauti. Trauti ni samaki wa maji baridi, mwenye madoadoa, na wazungu wanamvua kwa ndoana yenye nyoya badala ya mnyoo. Mzee alitaka programu ndogo ya kumwambia kila asubuhi kama mto Yampa unafaa kuvuliwa au la. Nikadhani ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua wiki tatu, kwa sababu ilibidi kwanza nielewe mto wenyewe unaishi vipi.

Kule maji ya kiangazi hayatoki kwenye mvua ya kiangazi. Yanatoka kwenye theluji iliyorundikana milimani tangu Novemba, ikayeyuka polepole kuanzia Aprili. Theluji ndiyo tangi lao. Ikiwa nyingi na ikiyeyuka taratibu, mto unakuwa na maji baridi mpaka Agosti. Ikiwa haba, au jua la masika likiiyeyusha haraka, mto unafurika Mei halafu Julai unabaki mwembamba, maji yanapata joto, na trauti wanataabika. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na samaki huyu akishavutwa kwa ndoana ndani ya maji ya nyuzi zaidi ya 20 hivi, hata ukimrudisha anaweza kufa. Kiangazi kile cha 2021 sehemu za Yampa zilifungwa kwa wavuvi kwa sababu hiyo hiyo. Na juu ya mto kuna bwawa la Stagecoach. Kuna taasisi ya hisani ambayo tangu 2012, miaka ikiwa mibaya, hununua maji ya bwawani ili yaachiliwe mtoni. Yaani watu wanalipa pesa ili maji yapite tu. Nilipomsimulia mama kwenye simu aliniuliza kama nimeshiba.

Kilichonivutia zaidi ni data. Marekani ya magharibi ina vituo zaidi ya 900 vya kupima theluji, mtandao unaoitwa SNOTEL, na kila mtu anaweza kuzivuta namba zake bure. Kituo kina mfuko mpana uliolazwa chini, umejazwa kimiminika kisichoganda. Theluji ikiulalia, uzito wake unasukuma kile kimiminika, nawe unajua kuna maji kiasi gani yaliyolala mlimani. Kifaa hicho wanakiita mto, mto wa kulalia. Kwa Kiswahili tumebahatika: mto unaupima mto. Tena upimaji wa theluji kule ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, James Church wa Chuo Kikuu cha Nevada, ambaye alipenda tu kupanda milima. Nalitaja hilo kwa wale wanaodhani mtu lazima asomee jambo ndipo aliguse.

Basi kazi ikaisha, mzee akalipa, nikabaki na swali: sisi theluji yetu iko wapi?

Jibu la haraka ni Mlima Kenya, na ni jibu la makosa. Barafu ya Mlima Kenya imesinyaa sana, na hata ilipokuwa kubwa mchango wake kwenye mito ulikuwa mdogo. Mito ile, Sagana, Thego, Nanyuki, inalishwa na msitu na matinge yaliyoko chini ya vilele. Na ndiyo, ina trauti. Waliletwa na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905 akawaweka mto Gura kule Aberdare, na tangu 1948 kuna kituo cha kuwazalisha Kiganjo. Karibu na kwetu, trauti waliwekwa mto Kiptiget, upande wa Kericho, ambao unashuka kutoka Mau na kuishia kwenye Sondu-Miriu. Kwa hiyo samaki wa mzee wa Colorado ana binamu zake saa chache tu kutoka kwetu. Anaishi bila theluji, kwa neema ya Mau peke yake. Msitu unakunywa mvua, udongo unaihifadhi, halafu unaitoa kidogo kidogo Januari na Februari ikiwa bado baridi.

Na kama unadhani masuala ya kugawana maji ni ya wazungu, tazama Sondu-Miriu hiyo hiyo. Juu, kwenye kijito chake cha Itare, bwawa lilianza kujengwa 2017 ili kupeleka maji Nakuru, nje kabisa ya bonde la mto. Watu wa chini wakapinga, halafu mkandarasi akaishiwa pesa na kazi ikasimama. Chini, tangu 2008, maji yanageuzwa na kuingizwa kwenye handaki la kilomita 6 hivi kwenda kuzalisha umeme, megawati 60 maji yakiwa ya kutosha. Mtambo ule hauna bwawa kubwa la akiba. Unategemea mto wa siku hiyo, kwa hiyo kiangazi umeme unapungua, na sehemu ya mto iliyorukwa na handaki inabaki na kiasi kidogo inachoachiwa. Samaki anayehangaika pale si trauti bali ningu, ambaye hupanda kutoka ziwani mvua zinapoanza ili akatage. Ningu alikwisha kupungua zamani, ripoti za kisayansi zililalamika tangu 1965, na lawama kubwa wakati ule ilikuwa nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito. Maji yakipungua unamwongezea tabu ya pili.

Sasa turudi nyumbani.

Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, unapita Kisii, unateremka Migori ambako wanauita Kuja, unaingia Ziwa Victoria. Huku juu hakuna msitu wa kutajwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba Kisii, na Nyamira zaidi ya 670. Kila kilima ni chai, mahindi, migomba, nyumba, kaburi la babu, halafu chai tena. Tangi letu ni mabonde. Kati ya kila vilima viwili palikuwa na tinge, matete na mafunjo na tope jeusi, na ukingoni mwake ndipo ilipo ensoko, chemchemi ya kila ukoo. Mvua inapiga kilima, inazama, inatokea bondeni wiki kadhaa baadaye. Hiyo ndiyo theluji yetu. Haionekani nyeupe kutoka mbali, kwa hiyo hakuna anayeipima.

Bonde la kwetu lilikuwa na samaki. Si hadithi ya kale, mimi mwenyewe nimewavua kwa kikapu nikiwa darasa la tatu, vidogo, kama kidole, na siku ya bahati kambare mmoja. Magokoro (yaani bibi, kwa wasiojua Ekegusii) aliwakausha juu ya moshi. Leo ukimwambia mtoto wa pale kwamba kijito kile kilikuwa na enswe atakucheka.

Kilichobadilika ni mikaratusi. Baba aliipanda bondeni kuanzia 1994, alipoachishwa kazi. Wengi walifanya hivyo: bonde lilikuwa la tope, halilimiki, na mkaratusi unakausha tope huku ukikua kuwa pesa. Viwanda vya majani chai vinachoma kuni kwenye matanuri yao, mafundi wanataka mbao, kampuni za umeme zinataka nguzo. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na kwenye chemchemi. Kwetu walikata michache ya barabarani ili ionekane. Nami siwezi kujifanya mtakatifu. Karo yangu ya sekondari ni mikaratusi. Kompyuta yangu ya kwanza, ile ya mtumba yenye skrini kama jiko, ni mikaratusi minne, naijua hata ilikosimama.

Baba alifariki 2016. Miti ikabaki chini ya baba mdogo, na kwa haki, maana ndiye aliyebaki nyumbani. Ana binti chuo kikuu. Mama naye anateka maji kwenye ensoko iliyoko mita kama 15 kutoka mstari wa kwanza wa miti, na tangu 2019 hivi kila Februari ile chemchemi ilikuwa inachoka kufikia alasiri. Ndoo iliyojaa kwa dakika mbili asubuhi inajaa kwa dakika tatu na zaidi saa kumi. Mama alisema ni miti. Baba mdogo alisema ni dunia imebadilika, mvua si zile. Wakawa hawazungumzi vizuri. Krismasi ya 2022 nilikaa kati yao mezani, nikajisikia nikisema maneno ambayo kila mwandishi wa programu huyasema kabla ya kuingia matatani: “Mimi nitapima.”

Vifaa si vya ajabu. Kibao cha ESP32, kihisi cha sauti cha HC-SR04 (kile cha macho mawili, kinauzwa bei ya nyama robo kilo), moduli ya GSM yenye simkadi, kipima joto na unyevu cha DHT22 kilichokuja ndani ya paketi bila mimi kukitaka, betri na paneli ndogo ya sola. Fundi seremala akanikatia ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90, tukauzuia kijito nao, chini kidogo ya chemchemi, tukaziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yote yakawa yanapita kwenye V. Uzuri wa V ni kwamba ukijua kimo cha maji juu ya ncha yake unajua kiasi kinachopita, kuna kanuni yake ya zamani, kimo kikipandishwa kipeo cha 2.5. Kwa hiyo badiliko dogo la kimo ni badiliko kubwa la maji. Sentimita 8 ni lita 2.5 hivi kwa sekunde. Sentimita 7 ni 1.8 tu.

Kihisi nilikifunga kwenye mlingoti, kinatazama chini, sentimita 60 hivi kutoka kwenye maji. Kinapiga sauti isiyosikika, kinangoja mwangwi, kinapima muda. Muda mara kasi ya sauti gawa kwa mbili, unapata umbali. Kasi ya sauti ni mita 343 kwa sekunde, kila mtu anajua, niliinakili kutoka kwenye mfano wa kwanza niliouona. Kila dakika 15 kifaa kinatuma namba kwenye seva yangu.

(Kando kidogo: seva inahesabu saa za UTC, simu inahesabu saa za Nairobi, na mama anahesabu saa za Kiswahili. Saa nane mchana ya mama ni 14 ya simu ni 11 ya seva. Wiki ya kwanza nilimwonyesha mama grafu ambayo jua lilikuwa linawaka saa tano usiku. Alinitazama kwa huruma.)

Januari na Februari 2023 nikapata siku nyingi kavu mfululizo. Nilichokuwa nakitafuta ni kitu kimoja. Miti hunywa mchana, majani yakiwa yanatoa mvuke, na usiku hupumzika. Kama mikaratusi ndiyo inayochota, kimo cha maji kinapaswa kushuka kila alasiri na kupanda tena kufikia alfajiri, kama kifua cha mtu anayepumua. Kama ni mvua tu imepungua, mstari utateremka taratibu siku hadi siku bila kupumua.

Mstari haukupumua. Alfajiri sentimita 7.4, alasiri 7.7, alfajiri 7.4 tena. Tofauti ya milimita 3 tu, ambayo ndiyo kiasi ambacho kihisi kile cha bei ya nyama chenyewe hakiwezi kukihakikisha, na hata hivyo ilielekea juu, si chini. Nikaichapisha grafu kwenye karatasi ya A4. Nikaenda nyumbani mwisho wa Februari, nikaketi na mama, baba mdogo na wazee wawili wa ukoo, nikasema: miti haina hatia, namba ni hizi.

Baba mdogo hakushangilia. Alisema tu, “Asante, mwanangu,” akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Mama alinyamaza. Baadaye jikoni aliniambia, “Mimi ndoo yangu naihesabu kwa wimbo. Asubuhi inajaa kabla wimbo haujaisha.” Nikamweleza kwamba wimbo si kipimo. Jamani. Mama aliyenizaa.

Julai mwaka ule nilikuwa Nairobi nasaidia kijana mmoja na kitu kisichohusiana kabisa, kifaa cha kupima kimo cha maziwa ndani ya tangi. Alilalamika kwamba tangi lake tupu linaonyesha maziwa yanaongezeka kila mchana. Nikacheka, nikamwambia ni joto, kasi ya sauti inapanda hewa ikipata joto, weka hesabu hii:

kasi = 331.3 + 0.606 * joto

Nikamaliza sentensi, kisha nikakaa kimya. Nadhani alifikiri nimeugua.

Fanya hesabu nami. Bondeni kwetu Februari alfajiri ni nyuzi 14 hivi, alasiri 26. Nyuzi 12 za tofauti. Kasi ya sauti inatoka mita 339.8 kwenda 347.1, asilimia 2 na kitu. Mimi nimeikaza kwenye 343 siku nzima. Kwenye umbali wa sentimita 60, kosa hilo linafanya maji yaonekane yamepanda sentimita 1.3 mchana bila tone moja kuongezeka. Na kama kwa kweli maji yalikuwa yameshuka sentimita 1? Basi kosa langu linaifukia ile sentimita yote na kubakiza milimita 3 juu. Hasa nilichokiona.

Kilichoniokoa ni uvivu wangu. Kipima joto cha DHT22 nilikuwa nimekiunganisha kwa sababu tu kilikuwepo, na joto lilikuwa linahifadhiwa kwenye safu ambayo sikuwahi kuifungua. Nikairudia hesabu ya miezi miwili yote usiku ule. Alfajiri sentimita 8.0. Alasiri 7.0. Kila siku kavu, bila kukosa, mstari ulikuwa unapumua. Robo ya maji ya chemchemi na zaidi ilikuwa inapotea mchana na kurudi usiku. Mama alikuwa sahihi kwa wimbo.

Sikumpigia mtu simu. Ilinibidi kwanza nijipinge mwenyewe, maana nilishasema kwa uhakika mara moja. Lile joto lilikuwa la ndani ya sanduku, na sanduku likipigwa na jua lina joto kuliko hewa, kwa hiyo marekebisho yangeweza kuzidi kipimo. Januari 2024 nikafunga kihisi cha pili kando ya kile cha kwanza, kikitazama ubao uliokazwa umbali wa sentimita 60 usiosogea. Ubao haunywi maji. Chochote kinachobadilika kwenye kihisi hicho ni sauti, si kimo, nawe unakitoa kwenye kile kingine. Nikaweka pia kifaa kingine kwenye bonde la jirani lenye matete na majani ya tembo tu, hakuna mkaratusi. Siku kavu zilipopatikana, kwetu maji yalishuka mchana tena, pungufu kidogo ya mwaka uliotangulia kwa kuwa mvua za mwisho wa 2023 zilikuwa nyingi. Kwa jirani yalishuka pia, lakini kama milimita 3. Matete nayo yanakunywa, tusiyasingizie utakatifu.

Sitaki kuligeuza hili kuwa zaidi ya lilivyo. Ni mabonde mawili, kihisi cha bei rahisi, na sikupima kina cha maji chini ya ardhi. Siwezi kukwambia mkaratusi unakunywa lita ngapi, na siwezi kukwambia samaki walipotea kwa sababu yake. Samaki walipotea huenda kwa sababu ya miti, matofali yanayochomwa bondeni, dawa za kunyunyizia nyanya, mifereji tuliyochimba kukausha tinge, au vyote. Ninachoweza kukwambia ni kilichokuwa kinatokea kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni kwenye chemchemi ya mama.

Halafu Aprili 2024, ile mvua iliyofurika nchi nzima, kijito kilipanda usiku mmoja kikabeba ubao wa V, mlingoti, sanduku na vihisi vyote. Namba ya mwisho iliyofika kwenye seva ilikuwa saa tisa na robo usiku, kimo cha sentimita 41, yaani juu ya ubao wenyewe. Tinge la zamani lingelikunywa gharika lile na kulitema kwa wiki mbili. Bonde lililokaushwa lililipitisha kwa saa sita, likaenda kuwa tatizo la watu wa Migori.

Agosti 2024 nikaomba kikao kingine, wazee wale wale. Baba mdogo alikuja na karatasi yangu ya A4, bado imekunjwa, akaiweka mezani. Nikaeleza kosa langu kuanzia sauti mpaka nyuzi 12. Mzee mmoja akauliza, kwa upole, kama mwaka ujao nitakuja na kosa jingine. Swali zuri. Nikamwambia inawezekana, na ndiyo maana nataka yeye mwenyewe apime: ndoo ya lita 20 na saa ya simu, alfajiri na saa kumi, siku kumi kavu. Haina sauti, haina joto, haina mimi.

Baba mdogo akasema jambo ambalo sijapata jibu lake. Alisema, “Ulipokuwa unasoma, maji haya yalikuwa yanapungua. Hukupima wakati ule.” Hakuwa na hasira. Binti yake alikuwa amebakiza miaka miwili.

Tulikubaliana hivi. Sheria ya maji inataka ukanda usiopungua mita 6 kutoka ukingoni, na unaweza kufika 30. Tukapima mita 20 kuizunguka chemchemi, tukahesabu miti 23 ndani yake. Mimi nitalipa mihula iliyobaki ya binti, sawa na bei ya miti hiyo ingekuwa imekomaa, na miti ikikatwa mbao ni za baba mdogo. Mke wa baadaye, ukisoma hapa, hizo ndizo akiba zangu zilikokwenda. Miti ilikatwa Desemba 2024. Mama alipanda mianzi na mafunjo ya kuazimwa kutoka kwa jirani.

Kifaa kipya kiko bondeni, safari hii juu ya nguzo ya zege, na kihisi cha ubao hakitoki. Februari 2025 maji yalishuka mchana sentimita 0.4 badala ya 1. Msifurahi mapema, mvua haikuwa ile ile, na wazee bado wana ndoo zao. Tatizo la sasa ni visiki. Mkaratusi uliokatwa hauelewi kwamba umekatwa. Machipukizi yalifika magotini kufikia Aprili, na baba mdogo anasema makubaliano yalikuwa ya miti 23, hayakutaja machipukizi. Nimeisoma tena ile karatasi tuliyoitia saini. Ni kweli hayakutajwa. Mimi ndiye niliyeiandika.

Ila jambo moja: ameomba namba yake iongezwe kwenye orodha. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu seva inamtumia SMS kwenye mulika mwizi wake, kimo cha maji na joto la hewa. Juzi haikufika, simkadi iliishiwa bando, akanipigia kabla sijaamka kuuliza mto umelala vipi.

Anayetaka msimbo aniandikie, nitamtumia pamoja na mchoro wa ubao wa V. Wiki ijayo, umeme ukiruhusu, nitaeleza jinsi ya kufanya betri ivumilie Julai yetu isiyo na jua.